Folda ya Kando

Sipendi kupitia msimbo wa programu ya mtu huku mwenyewe amekaa pembeni yangu. Akikaa pembeni ataanza kueleza, na msimbo usioweza kusimama bila maelezo ya aliyeuandika bado ni mbichi. Ndiyo maana mwenzangu aliponiletea kurasa zake, zikiwa bado na joto la printa, nilimfukuza. Nilimwambia aende sokoni akanywe chai, asirudi mpaka nimwite.

"Dada, wewe unasoma kama hakimu," alisema akiwa mlangoni, akifunga vifungo vya koti lake la mtumba.

"Hakimu ana joho. Mimi nina sweta lililotoboka kiwiko. Nenda."

Tulikuwa watu watatu katika ofisi ile ya Sumbawanga: yeye, mimi, na mama mmoja mtu mzima aliyetunza kila kitu, kuanzia funguo za mlango hadi mafaili ya kompyuta. Sote tulimwita mama tu. Ofisi yenyewe ilikuwa kipande cha ghala la zamani la shirika la umma. Enzi za mashirika, ghala lile lilihifadhi sabuni na vitenge vya mgao. Soko huria lilipokuja likagawanywa kwa mbao: upande mmoja wakauza simu za mkononi, upande wa pili wakafunga mashine ya kusaga, na katikati tukakaa sisi na kompyuta zetu. Mashine ya kusaga ikiwashwa, skrini zilitetemeka na mama alishika kikombe chake cha chai kisitembee mezani.

Kazi yetu ilikuwa kuvisaidia vijiji vya uwanda wa Ufipa kuchora ramani za matumizi ya ardhi: hapa watalima, hapa watachunga, hapa msitu utaachwa. Zamani hakuna aliyezihitaji. Halafu familia za wafugaji zilianza kuingia kutoka kaskazini-magharibi ya nchi, zikitafuta majani na maji, na mahindi yakaanza kukanyagwa, ng'ombe wakaanza kukamatwa, na watu waliokuwa wakiuziana maziwa na unga wakaanza kushikana mashati.

Mimi ni binti wa upande mmoja wa ugomvi huo. Kwetu ni wakulima, Wafipa wa mahindi, maharage na ulezi, watu wa kuamshwa na kengele ya kanisa. Mwenzangu alikuwa kijana wa upande wa pili. Baba yake, mfugaji wa Kisukuma, alikuwa amehamia na mifugo yake katika kijiji kimoja ng'ambo ya Mpui, na katika kijiji hichohicho baba yangu mdogo alikuwa na shamba. Tulitaniana kwa hilo mchana kutwa. Akipata migebuka ya Kabwe kwenye sahani yake ya ugali, nilimwambia samaki si chakula cha mchunga ng'ombe, anisogezee. Aliniambia Mfipa akinyimwa samaki huita radi, akanisogezea kweli.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulitania, nalo ni njia ya mifugo ya kijiji kile. Kiangazi, mabwawa ya juu yakikauka, ng'ombe wa baba yake hawakuwa na maji mengine ila ya mto, na mto ulikuwa ng'ambo ya mashamba ya wakulima. Wanakijiji walikaa vikao kiangazi kizima, wakatukanana, wakasusiana misiba, mwisho wakakubaliana: wakulima wangeacha ukanda mmoja wazi kutoka kwenye maboma ya wafugaji hadi mtoni, na ng'ombe wasingeonekana nje ya ukanda huo. Baba mdogo alikuwa mmoja wa waliotoa. Ukanda ulikula pembe ya shamba lake, na alitia sahihi uso umekunjamana. Mimi ndiye niliyeichora njia ile kwenye kompyuta, kwa kipimo cha setilaiti tulichotembea nacho. Nakala ya karatasi, manila kubwa yenye sahihi zote, ilibaki ofisi ya kijiji. Ya kwetu ilikuwa ndani ya mashine.

Sasa hizo mashine. Tulikuwa na moja Sumbawanga, nyingine kituo chetu cha Mwimbi, nyingine ikitembea kwenye gari. Hazikuunganishwa na kitu chochote. Intaneti ya mjini ilikuwa ya kuombea. Mabadiliko ya ramani yalisafiri kwa flashi mfukoni mwa mtu, na mara nyingi yalipishana njiani: Mwimbi wamerekebisha mpaka, sisi tumerekebisha mpaka uleule kwa namna nyingine, na anayefika mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Mwenzangu aliyapatia dawa. Alichukua programu moja huria ya kutunza matoleo, ile aina ya programu inayokumbuka kila faili lilivyokuwa jana, juzi na mwaka jana, nani alilibadilisha na kwa nini, akaipunguza ili iishi ndani ya flashi. Iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Alikuwa akiijua C kama watu wengine wanavyojua kupiga kinanda, kwa vidole. Mimi naijua kwa kichwa, polepole, na ndiyo sababu yeye aliandika na mimi nilisoma.

Flashi za siku zile zilikuwa ndogo. Picha za anga na takataka za programu ya kuchorea zingezijaza mara moja, kwa hiyo ilibidi programu ifundishwe cha kuacha. Toleo la kwanza lilikuwa na njia nyepesi: folda moja iliyoitwa kando. Chochote kilichowekwa humo, programu ilikipita bila kukinakili wala kukikumbuka. Toleo la pili, lile aliloniletea kwenye karatasi siku niliyomfukuza, lilikuwa na kanuni kamili za kutenga mafaili, pamoja na amri mpya ya kusafisha.

Nilisogeza kiti dirishani. Ulikuwa msimu wa baridi, upepo wa Sumbawanga unapita chini ya mlango na kukushika vifundo vya miguu, lakini mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri. Napenda kusoma msimbo kwenye karatasi. Kwenye skrini jicho linateleza, linaamini. Kwenye karatasi naweza kumzuia mwandishi kwa penseli kila mstari na kumuuliza, wewe, hapa ulikuwa unafikiri nini?

Fanksheni yake, kile kipande cha msimbo kinachotoa uamuzi, ilikuwa na kazi moja: ipewe jina la faili, ijibu ndiyo au hapana. Ndiyo, litengwe; hapana, litunzwe. Kanuni zenyewe ziliandikwa mstari kwa mstari katika faili dogo. Nyota ilisimama badala ya herufi zozote. Alama ya mshangao mwanzoni mwa mstari iligeuza amri: hata kama hili limetengwa hapo juu, lirudishe. Mwenzangu alizisoma kanuni kutoka chini kwenda juu, na ya kwanza kukubaliana na jina la faili ndiyo iliyotoa hukumu. Nilipenda hilo. Nyumbani mzazi akikataza kutoka, halafu baadaye akasema nenda dukani, unafuata lililosemwa mwisho, wala hurudi kumhoji.

Niliweka alama mahali pawili. Pa kwanza alikuwa ametenga nafasi ya kumbukumbu yenye urefu sawasawa na jina la faili, akasahau ile sifuri ya kufungia ambayo C huidai mwisho wa kila neno. Kosa la kawaida, lakini ni la kukuangusha mwezi mmoja baadaye mahali pasipohusika. Pa pili palinifanya nimwite arudi.

"Folda ikishatengwa, huingii ndani yake kabisa," nilimwambia. "Kama kuna kanuni chini inayorudisha faili moja lililomo humo, faili hilo litasikiaje?"

"Halisikii," alisema. Alikuwa na kipande cha chapati mkononi, na sharubu zina chai. "Zizi likishafungwa, dada, siiti ng'ombe mmoja mmoja. Mashine ya Mwimbi ikianza kuingia kila folda ya picha na kuuliza jina la kila mmoja, itakoroma mpaka jioni."

"Basi iandike hiyo. Juu ya fanksheni, kwa maneno ya watu. Anayekuja baada yako ajue mlango umefungwa makusudi."

Akaiandika. Halafu tukafika kwenye amri ya kusafisha. Ilipita kwenye mashine na kufuta kila kilichotengwa, pamoja na folda ya kando, ili diski zetu kuukuu zipate kupumua. Nilimuuliza kama ana hakika. Akaniuliza, ndani ya vilivyotengwa kuna nini? Tukavitaja pamoja: vipande vya muda ambavyo kompyuta huvizaa ikifanya kazi, nakala za nakala, picha ambazo asili zake tunazo kwenye sidii. Makapi. Kila mtu wa kazi yetu, popote alipo duniani, angekujibu hivyohivyo: unachotenga ni kile ambacho hata kikipotea kitazalika tena. Nikakubali. Nikaandika chini ya ukurasa wa mwisho kwamba nimeusoma na ni sahihi, nikaweka sahihi yangu. Ulikuwa sahihi. Nilisema hivyo siku ile na bado nasema.

Toleo jipya likaenda Mwimbi kwa basi, likaingia kwenye mashine ya gari, likaingia kwetu. Diski zikapumua. Mama alifurahi kwa sababu kompyuta yake iliacha kuganda, akamletea mwenzangu kuku mzima amefungwa miguu, aliyekaa chini ya meza akinya mpaka saa ya kutoka.

Masika yakaja. Mwaka ule yalikuwa ya fujo, mvua na upepo pamoja, na mabati ya ofisi ya kijiji kile ng'ambo ya Mpui yaling'oka. Ramani ya manila ililowa. Walipoikunjua, wino wote ulikuwa umekimbia, mashamba na msitu na njia vimekuwa wingu moja la bluu, na sahihi zimebaki kama nyayo za kuku. Mtendaji wa kijiji alituma ujumbe: tafadhali tuchapieni nyingine, kiangazi kinakaribia na watu wameanza maneno.

Nikamwambia mama anifungulie faili. Akapekua, akapekua tena. Nikasimama nyuma yake.

"Uliliweka wapi, mama?"

"Si kule kando."

Sikuelewa. Nikamuuliza kando ipi. Akanionyesha kwa kidole mahali folda ilipokuwa, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekosea. Ilikuwa ya mtu anayeshangaa kuulizwa. Ramani zote zilizokwisha kupitishwa na vijiji, alisema, alikuwa akizihamishia kule. Zile zinazoendelea kuchorwa, zinazoshikwashikwa na kila mtu, aliziacha pamoja na nyingine.

"Kwa nini, mama?" aliuliza mwenzangu. Alikuwa ameshaanza kuelewa.

"Mwanangu, wewe mbegu unaiweka pamoja na ya kula?"

Nilikaa chini. Mama alikuwa wa Mwimbi, lakini angeweza kuwa wa nyumba yoyote ya uwanda ule, hata yetu. Ulezi ukivunwa, kitu cha kwanza ambacho mama mwenye nyumba hufanya, kabla ya kupika uji na kabla ya kufikiria pombe, ni kuchagua masuke mazuri na kuyaweka kando. Huyafunga, huyapandisha darini juu ya jiko, moshi uyalinde. Ghala la chakula kila mtu analichota, linapungua, linaliwa na panya na wageni. Kilichowekwa kando hakiguswi hata njaa ikiingia. Nimekua nikilala chini ya mafungu yale. Watoto tuliweza kuchapwa kwa kuyatazama tu kwa muda mrefu. Kwetu, kinachowekwa kando ndicho bora kuliko vyote, na mama alikuwa ametunza ramani za vijiji kwa uangalifu wote aliofundishwa na mama yake. Alipoambiwa kuna folda ambayo programu haitaigusa, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Nilicheka. Najua haikuwa wakati wake, lakini kicheko kilinitoka chenyewe, kwa sababu nilikuwa naijua kazi ile na ile dari vilevile, na mambo hayo mawili yalikuwa hayajawahi kukutana kichwani mwangu. Halafu nikamtazama mwenzangu na kicheko kikakatika. Alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza anachomoa diski.

Alihangaika nayo wiki nzima. Kilichofutwa huweza kufufuliwa kama hakuna kilichoandikwa juu yake, lakini sisi tulikuwa tumeijaza nafasi ile kwa picha mpya, tukijisifu jinsi ilivyo kubwa. Ramani nyingine tulizipata upya, kwa sababu vijiji vyenyewe vilikuwa na manila zao kavu. Ya kijiji cha baba yake haikupatikana: ilikuwa imepitishwa kabla programu haijaanza kukumbuka chochote, ikaingia kando moja kwa moja. Mama alilia, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema yeye ataacha kazi. Nikamwambia kwa ukali asithubutu. Nilimkasirikia kila mtu wiki ile, na yeye peke yake sikupata sababu ya kumkasirikia.

Tukarudi kwenye msimbo, kwa sababu ndiyo kazi tuliyoijua. Mwenzangu alitaka kuing'oa amri ya kusafisha yote. Nikamkatalia. Amri ilikuwa sahihi, tatizo ni kwamba ilifanya kazi yake kimya. Tukabishana, mara hii yeye amekaa pembeni yangu na sikumfukuza. Mwisho ikawa hivi: kabla ya kufuta chochote kilichotengwa, programu ikitaje kwa jina lake, ieleze kwamba hakina nakala popote, na isubiri jibu la mtu. Na kila siku ikifunguliwa, iseme waziwazi imeacha mafaili gani. Tulimwita mama asome maneno yale kabla hatujayaweka. Alibadilisha karibu yote. Tulikuwa tumeandika "hakina historia." Yeye alitaka "hiki kikipotea, kimepotea."

Hayo yalikuwa ya kesho. Ya leo yalikuwa kijijini, na yalikwenda vibaya upesi. Kamati iliyopitisha njia ilikuwa imebadilika kwenye uchaguzi. Kila mwenye shamba sasa aliikumbuka njia ikipita kwa jirani. Na baba mdogo, wakati manila bado inaanikwa juani, alikuwa ameshaingia na jembe kwenye ukanda.

Nieleze kidogo kwa asiyejua kilimo chetu. Masika yakielekea kuisha na majani yakiwa marefu, Mfipa hachomi. Huyakata, huyafunika kwa udongo, hutengeneza matuta ya duara tunayoyaita ntumba, shamba zima likajaa vichwa vya udongo. Majani huoza humo ndani, na mwaka unaofuata matuta hutandazwa na kupandwa ulezi. Ukanda wa mifugo ulikuwa umepumzika masika yote, na majani yake yalikuwa marefu kuliko ya mahali pengine popote. Baba mdogo aliyaona. Ramani hakuna, kamati hakuna, majani yapo. Alipiga ntumba kuanzia pembe ya shamba lake mpaka ng'ambo ya pili, na njia ikazibwa katikati.

Kamati mpya ilituita shambani. Tulikwenda na gari mimi na mwenzangu. Tulipoipita Mpui ndipo aliponisemesha.

"Dada, usiseme kwa ajili yangu."

"Nani kakuambia nitasema kwa ajili yako?"

"Nasema tu. Yule ni baba yako."

"Najua ni nani."

Sikumjibu vizuri. Baba mdogo ndiye aliyenipeleka shule ya bweni juu ya baiskeli yake baba yangu alipoumwa. Ni mtu wa maneno machache na mkono mzito wa kutoa. Na baba wa mwenzangu nilikuwa nimeketi kwake, nikanywa maziwa yake mgando, nikaona ng'ombe wake walivyokonda kiangazi cha kabla ya makubaliano. Bila njia, angehama tena. Alikwisha kuhama mara nyingi, na alishakuwa mzee.

Walikuwa wamesimama pembeni ya shamba, wakulima upande mmoja, wafugaji upande mwingine, kama watu wa harusi mbili zilizogongana. Niliwaamkia wazee wa pande zote. Shikamoo ya baba mdogo aliipokea akitazama jembe lake. Mwenyekiti mpya, mtu makini aliyetaka mambo yaishe, alisema hana cha kuongeza. Wafugaji wana lao, wakulima wana lao, kijana huyu wa ofisi ni mtoto wa mfugaji na neno lake halitapokelewa.

"Lakini wewe binti uliichora kwa mkono wako," alisema. "Na wewe ni wa hapa. Njia ilipita wapi?"

"Mwulizeni vizuri," alisema baba mdogo, bado hajaniangalia. "Alikwisha sema mashine imesahau."

"Mashine imesahau, baba. Mimi sijasahau."

Ni kweli sikusahau. Mstari niliouchora ulikuwa umenyooka isipokuwa mahali pamoja, penye kichuguu kikubwa, ambapo nilipambana nao asubuhi nzima kwa sababu kipimo kilikataa kukubali kona ile. Kichuguu kilikuwa palepale, kimezungukwa na ntumba. Ningeweza kusema njia ilipita kushoto kwake, chini kidogo, kwenye majaruba ya watu wasionijua. Hakuna ambaye angenibishia. Baba mdogo aliniangalia sasa, mara ya kwanza asubuhi ile, na sikuona ukali usoni mwake. Alikuwa ananiomba.

Hakukuwa na njia ya kuonyesha bila kukanyaga. Nilipanda tuta la kwanza. Udongo ulikuwa mlaini, mguu ukazama mpaka kwenye kifundo, nikasikia majani yaliyomo ndani yana joto, yameanza kuoza vizuri. Nikapanda la pili. Nilikwenda mpaka kwenye kichuguu, nikakizunguka kulia, nikashika mwelekeo wa mto. Nyuma yangu baba wa mwenzangu alikuwa akifuata na fimbo yake, akikanyaga nilipokanyaga mimi, na nyuma yake kamati, wakichomeka vijiti. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona.

Nilipofika mwisho wa shamba niligeuka. Mwenzangu alikuwa bado ng'ambo, palepale tulipoanzia, karibu na baba mdogo. Baba mdogo alikuwa amelishika jembe. Nilidhani angeondoka. Badala yake aliinama kwenye tuta la kwanza, akalifungua, akayatoa majani na kuyatupa nje ya vijiti, upande uliobaki kuwa shamba lake. Akafungua la pili. Mwenzangu alivua koti lake akaanza kubeba majani yale kwa mikono, na baba mdogo hakumkataza.

Nilikuwa nimesema kweli, na ng'ombe wangepata maji. Nilisimama pale nikimtazama baba yangu mdogo anafukua ulezi wake wa mwaka ujao, tuta baada ya tuta, kwenye nyayo zangu.